Valvu iliyokwama wazi

Swali: Shikamoo fundi. Kinu cha nyuklia kikiharibika kidogo tu, kwa nini Wamarekani waandikiane ripoti? Si watengeneze yaishe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hicho kidogo ndicho kinachonitisha. Septemba 1977, kituo cha Davis-Besse, Ohio, valvu ya kupunguzia presha ilikwama wazi. Waendeshaji waligundua, wakaziba njia yake. Lakini onyo halikuwafikia wenzao wa Three Mile Island, Pennsylvania. Alfajiri ya 28 Machi 1979 valvu kama hiyo ikakwama kwao. Taa kwenye paneli ikazimika, wakaamini imefunga. Kumbe taa ilionyesha amri ya kufunga tu, si valvu yenyewe! Maji ya kupozea kinu yakatoka kwa zaidi ya saa 2, karibu nusu ya kiini, yaani sehemu yenye fueli ya nyuklia, ikayeyuka. Siku hizi dharura huripotiwa serikalini ndani ya saa 1.