Amepita Kipimo cha Masikio, Mbona Hageuki Akiitwa?

Barua za mara hii zimetoka Tanga mjini na wilaya za jirani, na karibu zote zinahusu watoto waliopimwa masikio wakiwa wachanga, wazazi wakaambiwa mambo ni mazuri, kisha mashaka yakaanza nyumbani.

Mwanangu alikuwa wa manjano sana siku ya tatu. Aliwekwa chini ya taa, baadaye akabadilishiwa damu. Kabla ya kutoka walimpima kwa kidude kidogo cha kuingiza sikioni, wakasema amepita. Sasa ana miezi saba, nikimwita hageuki. Mama mkwe anasema nimwache, kuna watoto huchelewa. (Mama, Makorora)

Mama, usimwache. Mpeleke wiki hii. Kadi iliyoandikwa "amepita" nenda nayo, lakini isikutulize.

Kidude kile kinapima mwangwi. Kwenye sikio la ndani kuna safu za seli zenye vinyweleo. Seli za safu za nje zikipata sauti hutikisika na kurudisha mwangwi mdogo sana, na maikrofoni ya kifaa huunasa. Aliyeugundua ni mwanafizikia David Kemp, London, mwaka 1978. Mwangwi ukirudi, mashine inaandika amepita. Ila safari ya sauti ndiyo kwanza inaanza: bado seli za ndani ziipokee, mshipa wa fahamu uibebe, ifike kwenye shina la ubongo na kuendelea juu. Kuishia kwenye mwangwi ni sawa na fundi kukagua maji ya tangini akaondoka bila kufungua bomba la jikoni.

Manjano makali huumiza hasa sehemu hiyo ya pili. Bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ikizidi mno huingia kwenye ubongo, ikadhuru mshipa wa kusikia na vituo vyake kwenye shina la ubongo, huku seli za nje zikibaki salama. Kwa hiyo mtoto anaweza kutoa mwangwi mzuri kabisa na bado asisikie unachomwambia. Mtoto aliyebadilishiwa damu alistahili kipimo cha shina la ubongo, kile kinachotazama kama mshipa unajibu sauti, tangu mwanzo. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2007 uliagiza kipimo hicho kwa kila mtoto aliyelazwa wodi ya uangalizi maalumu zaidi ya siku 5, na sababu kubwa ilikuwa hii hii.

Anza hospitali ya Bombo, uombe kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie kwanza habari ya kubadilishiwa damu, ndipo umweleze kwamba hageuki. Kama kipimo cha shina la ubongo hakipatikani hapo, omba barua ya rufaa kwenda Muhimbili. Mama mkwe anasema kwa mapenzi, na ni kweli watoto hutofautiana, lakini mtoto wa miezi saba anapaswa kutafuta sauti ya mama yake.

Hicho kipimo cha ubongo kinabandikwa waya kichwani. Umeme hauingii kwa mtoto? (Baba, Muheza)

Hauingii. Waya zinapokea tu. Muuguzi husafisha ngozi ya paji la uso na ya nyuma ya masikio, akabandika vibandiko vitatu au vinne, kisha sauti fupifupi za "tik-tik" hupigwa sikioni kwa upole, kwa kawaida desibeli 35 kwa wachanga. Mashine inatazama kama mshipa unajibu. Mtoto akilia au akijinyonganyonga, umeme wa misuli yake unafunika jibu, na watu wengi hurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo aje na usingizi na njaa, anyonyeshwe pale pale, apimwe akilala.

Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu hushtuka mlango ukibamizwa, lakini maneno hayashiki. Siku nyingine kama anasikia, siku nyingine hasikii kabisa. Nimtie mafuta ya nazi ya vuguvugu kulainisha nta? (Bibi, Pangani)

Shikamoo bibi. Mafuta usimtie, hujui kama ngoma ya sikio ni nzima, na nta si kawaida kumfanya mtoto awe hivyo.

Ulivyoeleza, leo anasikia kesho hasikii, anashtuka lakini maneno hayamwingii, ni picha ambayo wanaotibu masikio wanaijua. Mshipa ukipeleka sauti bila mpangilio, mtoto anapata kelele lakini hapati neno, hasa penye watu wengi. Mtu akimwona anashtuka anasema "huyu anasikia, ni mtundu tu," na mtoto anachapwa kwa kutoitika. Tafadhali asichapwe. Mwambie mama yake ampeleke, na wewe bibi uende naye, kwa kuwa uliyoyaona siku baada ya siku daktari hawezi kuyaona kwa nusu saa.

Zahanati yetu ilisaidiwa mashine ya mwangwi tu. Tuache kuitumia? (Muuguzi)

Hapana, dada. Kwa watoto waliozaliwa salama inakamata uziwi mwingi. Kinachotakiwa ni kutoandika "masikio mazima" kwa mtoto ambaye mshipa wake haujapimwa. Njiti, aliyezaliwa amechoka, aliyebadilishiwa damu, aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia, aliyeugua homa ya uti wa mgongo: kwenye kadi ya kliniki andika "mwangwi umepita, mshipa haujapimwa", na umpe rufaa siku hiyo hiyo.

Jambo la pili linakosewa hata penye mashine zote mbili. Mtoto anafeli kipimo cha shina la ubongo, anapimwa tena kwa mwangwi kwa kuwa ni haraka, anapita, anaruhusiwa. Mwangwi haufuti jibu la shina la ubongo. Huyo ndiye hasa tunayemtafuta, na ndiye tunayempoteza.

Wanaotoroka rufaa utawapata kwenye chanjo za wiki 6, 10 na 14. Lengo linalofuatwa duniani ni kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3, na kuanza msaada kabla ya miezi 6.

Sindano za gentamisini ndizo zilizomharibu? Ningezikataa? (Mama, Chumbageni)

Usingezikataa. Maambukizi ya damu huua mtoto mchanga upesi. Dawa hiyo inaweza kudhuru seli zenye vinyweleo, kwa hiyo mtoto aliyeitumia zaidi ya siku 5 afuatiliwe masikio.

Binti yetu amethibitishwa, tatizo liko kwenye mshipa. Shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni, litamsaidia? (Baba, Ngamiani)

Wengine linawasaidia, wengine halina faida. Kwa mtoto wa aina hii kipimo cha shina la ubongo hakiwezi kusema anasikia kiasi gani, kwa hiyo lazima apimwe pia kwa kutazamwa anavyoitikia sauti, kuanzia miezi sita au saba. Watoto wa manjano na njiti wengine hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi kidogo, kwa hiyo kipimo kirudiwe kabla ya kufikiria upasuaji. Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu tangu mwaka 2017, na kabla ya kupandikiza, picha ya MRI huonyesha kama mshipa upo, ila haisemi kama unafanya kazi vizuri. Kama hakuwahi kuugua lolote, ulizieni kipimo cha jeni iitwayo OTOF, ambayo ikiwa na hitilafu sauti haivuki kutoka seli za ndani kwenda kwenye mshipa. Mwaka 2024 madaktari wa China walitangaza kwamba watoto wenye hitilafu hiyo waliotibiwa kwa jeni walianza kusikia, ingawa wakati huo matibabu hayo yalikuwa ya utafiti.

Yote hayo yanachukua miezi, na lugha haisubiri. Anzeni Lugha ya Alama ya Tanzania sasa, ninyi wawili na ndugu zake. Haimzuii kusema baadaye.