Ubuntu kusubiri dakika moja na nusu kila inapowaka
Ndugu, umeuliza kwa nini Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta) inakawia hivyo na kutoa makosa ya ACPI (sehemu inayosimamia umeme na vifaa vya mashine). Huo mstari wa "A start job is running" unaohesabu hadi 1min 30s, mara nyingi ni diski iliyoandikwa kwenye /etc/fstab (faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka) lakini haipo tena. Umesema ulifomati upya patisheni ya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM): hapo UUID, yaani kitambulisho chake, ilibadilika, mashine bado inaitafuta ile ya zamani. Kwenye terminal andika sudo blkid, itakuonyesha UUID za sasa, ulinganishe na fstab herufi kwa herufi. Mstari wa fstab usiolingana uwekee # mwanzoni, usiufute, kisha washa upya. Huduma (programu inayoendeshwa nyuma) iliyogoma kweli utaiona kwa systemctl --failed. Hayo makosa ya ACPI yaache kwanza. Laptop yangu huyatoa kila siku na inapiga kazi kama kawaida.