Maswali ya Wasomaji: Rais Alikuwa Akitazama Saa Gani?

Ndugu Mhariri, mwezi Juni 2024 Rais Ruto aliukataa Mswada wa Fedha, wa kuongeza kodi, siku moja tu baada ya wabunge kuupitisha. Kwa nini hakukaa kimya wiki mbili joto lipoe? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu kimya kingeugeuza mswada kuwa sheria. Kifungu cha 115 cha Katiba ya Kenya kinampa rais siku 14 tangu aupokee: atie saini, au aurudishe bungeni akieleza anachokipinga. Siku hizo zikiisha bila neno, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa.

Ulipita tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Usiku rais akalihutubia taifa kwa ukali, akayaita yaliyotokea uhaini. Kesho yake akasema hatii saini na kupendekeza vifungu vyote vifutwe. Kosa liko hapo katikati. Hotuba ya kwanza ilitolewa kabla uamuzi haujaiva, kwa hiyo ya pili ikasikika kama ya mtu aliyeshurutishwa. Usiku ule ulihitaji maneno machache tu kuhusu waliouawa na majeruhi. Mengine yangengoja asubuhi.

Wabunge nao wasingeweza kuupitisha juu ya kichwa chake kwa kura zilezile. Theluthi mbili ya wabunge 349 ni 233.

Mimi ni mwanahabari chipukizi wa redio. Kiongozi akiitisha mahojiano ya ghafla, nijiandae vipi? (Voi)

Anza na kalenda: kesho kunatoka nini? Jumapili tarehe 30 Juni, wanahabari wa vituo mbalimbali walimhoji rais moja kwa moja kutoka Ikulu, Nairobi. Alitaja vifo 19 katika maandamano. Jumatatu, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikatangaza 39. Mahojiano ya Jumapili usiku hutawala habari za Jumatatu asubuhi, kwa hiyo takwimu ya kwanza hutangulia kuzunguka hata kama ni pungufu.

Basi kabla ya kuingia studioni, piga simu hospitalini, mochari na kwa mashirika ya haki, uandike kila hesabu pamoja na saa uliyoipata. Kiongozi akitaja idadi, muulize: nani amehesabu, na hesabu ilifungwa saa ngapi? Mkiwa watatu au wanne, gawaneni mada mapema, na mkubaliane kwamba swali lililokwepwa litaokotwa na mwenzenu anayefuata. Bila hivyo kila mmoja huruka kwenye swali lake aliloliandika, na lililokwepwa hupotea hapo hapo.

Angalia pia amekuja na nini mkononi. Ijumaa tarehe 5 Julai rais alitangaza kwanza kubana matumizi, pamoja na kuvunja mashirika 47 ya serikali, ndipo akaingia kwenye mtandao wa X kuzungumza na vijana. Ukifungua kwa kuuliza kuhusu tangazo, yeye ndiye amechagua mada.

Mbona watu wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, walitajwa mwisho katika baraza jipya la mawaziri? (Msomaji, Kisumu)

Tazama tarehe. Baraza lilivunjwa tarehe 11 Julai, akabakizwa Musalia Mudavadi, mkuu wa mawaziri, pamoja na naibu wa rais. Tarehe 19 yakatoka majina 11, sita yakiwa ya mawaziri waliofutwa wiki iliyotangulia, na watu wakakasirika. Tarehe 24 wakatajwa John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya. Kwa maoni yetu, kutoa majina kwa mafungu kulimpa rais na ODM muda wa kuelewana, na fungu la pili likafunika malalamiko ya la kwanza.

Angalia vyeo vyao vya chama: mwenyekiti, Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Taifa, na manaibu wawili wa kiongozi wa chama. Hao ndio waliopaswa kuihoji serikali. Mbadi alipewa Hazina ya Kitaifa, na Mswada wa Fedha wa 2025 ukaja kupitia wizara yake.

Kalenda nyingine ilikuwa Addis Ababa. Serikali ilikuwa ikimpigia debe hayati Raila Odinga awe mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Alishindwa tarehe 15 Februari 2025. Mkataba wa ushirikiano kati ya UDA, chama cha rais, na ODM ulitiwa saini katika jumba la KICC tarehe 7 Machi, siku 20 baadaye.