Kromatidi dada hazitafutani

Ndugu, umeuliza kromatidi dada, yaani nakala mbili za kromosomu moja kabla seli haijagawanyika, zinatambuanaje ndani ya kiini chenye kromosomu 46, hata kila moja ikampata pacha wake bila kukosea. Nimefundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na mimi pia niliamini kwamba zinatafutana, mpaka nilipotakiwa kulieleza jambo hilo ubaoni. Hazitafutani, kwa sababu hazijawahi kuachana.

Kabla DNA haijaanza kunakiliwa, protini yenye umbo la pete, iitwayo kohesini, huwa imekwisha kuuzunguka uzi. Unakili unapopita hapo, nakala zote mbili hubaki ndani ya pete, na katika hamira kimeng'enya Eco1 hubandika asetili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye kipande cha pete kiitwacho Smc3 ili isifunguke ovyo. Ni hamira hiyohiyo iliyotumiwa na maabara za Kim Nasmyth na Douglas Koshland zilipoieleza kohesini mwaka 1997.

Darasani natumia ncha ya mzizi wa kitunguu maji, ambacho kina kromosomu 16. Tunailainisha kwa asidi ya hidrokloriki yenye uvuguvugu, tunaitia rangi ya asetokamini, kisha tunaiponda chini ya kioo chembamba kwa kidole gumba. (Kioo kikiteleza pembeni hata kidogo, slaidi imekwisha; nimeharibu nyingi.) Kwenye hadubini utaona seli ambayo kromosomu zake zimejipanga katikati, na jirani yake ambayo mafungu mawili yanaelekea ncha mbili, 16 huku na 16 kule.

Baina ya seli hizo mbili umepita mkasi. Pete zinapozishikilia kromatidi huku nyuzi za seli za kuvutia kromosomu zikizivuta pande mbili, ndipo seli hujua kwamba kila dada ameshikwa na upande wake. Zote zikishashikwa, protini iitwayo sekyurini huharibiwa, na kimeng'enya separasi, kilichokuwa kimezuiwa nayo, huikata kohesini. Kwa maoni yangu vitabu vyetu hukosea kuliruka jambo hili, kwani bila kufungwa hakuna mvutano, na bila mvutano seli haina namna ya kugawa sawasawa.

Katika mayai ya mwanamke, kohesini hiyo hufungwa yeye mwenyewe angali tumboni mwa mama yake. Akishika mimba akiwa na miaka 40, pete hizo nazo zimeshikilia kwa miaka 40 na zaidi, na kulegea kwake ni mojawapo ya sababu za mtoto kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada.