Mombasa kwa Siku Mbili: Kabla ya Kupanga, Uliza Maji

Wageni wengi hupanga Mombasa kama wanavyopanga mji wa bara: asubuhi ufuoni, mchana ngomeni, jioni kwenye kivuko. Wakifika Nyali saa nne asubuhi wanakuta bahari imekwenda zake, wameachiwa mchanga mbichi, mwani na vidimbwi vya maji ya magotini. Saa saba jua la utosi linawakuta juu ya kuta za Ngome ya Yesu (Fort Jesus), na jioni wanabanwa Likoni katikati ya umati unaorudi nyumbani kutoka kazini. Wanaondoka wakisema mji una joto na msongamano. Mombasa ni kisiwa, na siku ya kisiwani hupangwa kwa maji na jua.

Tuanze na maji, maana hili ndilo watu wasilolijua. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa pomoni mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na mambo hugeuka: hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa mnamo saa kumi jioni, tena kwa tofauti ndogo. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana jedwali la maji: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Ukitaka saa kamili, tafuta mtandaoni jedwali la maji la Kilindini, yaani bandari kuu ya Mombasa, au muulize mvuvi yeyote pwani. Atakujibu bila kutazama saa.

Ukilijua hilo, ratiba inajipanga yenyewe. Siku za bamvua, asubuhi nenda ukatazame matumbawe, jioni uogelee, kisha Ngomeni uende kesho yake mapema. Siku za maji mafu, kuogelea kuwe asubuhi, na matumbawe usiyategemee sana, kwa kuwa maji hayashuki vya kutosha.

Matumbawe yenyewe yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, mbele ya fuo za Nyali na Bamburi. Mashua zenye kioo chini hutoka ufuoni. Ondoka muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, ili uwe mwambani wakati bahari iko chini na imetulia. Kabla ya kupanda, kubalianeni mambo manne: bei ni ya kila mtu au ya chombo kizima, kiingilio cha hifadhi kimo ndani au la, mtakaa muda gani, na maboya ya kujiokolea yapo mangapi. Mwenye mashua akisita kwenye hilo la nne, tafuta mwingine. Vaa viatu vya mpira vilivyofungwa, si kandambili, kwa sababu kwenye mwamba kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi, na mwiba wao huvunjikia ndani ya nyama. Usikanyage tumbawe wala kuokota kombe. Hapo ni hifadhi.

Hatari moja nitaieleza kwa kirefu kwa sababu inawapata hata watu wazima. Maji yakipwa, fungu la mchanga huibuka mbali na ufuo, na watu hulifuata kwa miguu wakipiga picha. Maji yanaporudi hayaji kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo. Ukigawa kina kizima sehemu 12, saa ya kwanza huleta sehemu 1 tu, ya pili sehemu 2, kisha ya tatu na ya nne huleta sehemu 3 kila moja. Maana yake nusu ya bahari yote inarudi katika saa mbili za katikati. Tena haiji kutoka mbele unakotazama. Inajaza kwanza mkondo ulioko nyuma yako, kati ya fungu na ufuo. Mtu akigeuka, njia aliyopita kwa maji ya kifundo cha mguu sasa inamfika kifuani na inavuta. Kwa hiyo anza kurudi mara tu maji yanapoanza kugeuka, usingoje uone fungu linapungua. Mwenye watoto asivuke kabisa bila mwenyeji wa hapo.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, maji huwa meupe na unaona chini vizuri. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mwani hurundikana ufuoni. Masika ya Aprili na Mei ndiyo mabaya zaidi kwa mashua. Lakini kusi hiyohiyo hupunguza joto, kwa hiyo mwenye shauku ya Mji wa Kale kuliko ya kuogelea aje Julai au Agosti.

Sasa Ngome ya Yesu. Inafunguliwa saa mbili asubuhi, nawe uwe mlangoni saa hiyohiyo. Beba kitambulisho, kwani raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa, na uwe na pesa kwenye simu. Wanaojitolea kukutembeza utawakuta nje. Mwombe akuonyeshe kitambulisho chake, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza, na uulize kama bei hiyo ni pamoja na Mji wa Kale. Ugomvi mwingi hapo huzaliwa na neno "utanipa chochote".

Ndani, panda kutani kwanza, jumba la makumbusho liwe la mwisho. Kuta hazina kivuli, na kufikia saa nne jiwe lenyewe linakurudishia joto usoni. Wareno walianza kujenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Simama karibu na ukuta sehemu za chini, uweke kiganja. Utaona vishimo vidogo vilivyopangika kama sega la nyuki. Hilo ni tumbawe la kale, na sehemu za chini za ngome zilichongwa kutoka kwenye mwamba wenyewe, ndipo mawe yakaendelea juu. Teremka pia kwenye njia ya matao iliyokatwa kuelekea baharini. Wageni wengi huipita wakikimbilia mizinga, na hapo ndipo unapoelewa jinsi watu walivyoweza kuishi humu wakiwa wamezingirwa. Mzingiro wa Waomani ulianza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Meli ya Kireno San Antonio de Tanna ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa vita hivyo, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimo makumbushoni. Tazama na michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno, kisha panda kwenye Nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji, yenye upepo wa bahari. Waingereza waliifanya ngome gereza kuanzia 1895, makumbusho yakafunguliwa 1960, na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Tenga saa moja na nusu. Dakika 40 hazitoshi.

Ukitoka, ingia Ndia Kuu kwa miguu. Ni "ndia", si "njia", kwa kuwa uko Mvita, jina la kale la Mombasa, na Kimvita, lahaja ya hapa, kina matamshi yake. Kuna milango ya nakshi, roshani za mbao, na Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mnene unaochongoka juu, uliojengwa karibu mwaka 1570. Kwa asiye Mwislamu, kuutazama kwa nje kunatosha, isipokuwa ukaribishwe. Huu ni mtaa wa watu. Funika mabega na magoti, toa salamu kabla ya swali, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kwenye Bandari ya Kale na kwenye kivuko usiinue kamera hata kidogo. Ni maeneo ya usalama. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, maduka mengi hufungwa kwa swala. Mwezi wa Ramadhani usitarajie chakula mchana, lakini usiku wake baada ya tarawehe ndio mtaa unaponoga.

Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi, tena mapema, maana mahamri mazuri hayafiki saa nne. Viazi karai ni vya jioni. Hamri lililopikwa sawasawa lina uwazi ndani na harufu ya iliki. Likiwa zito kama mkate, ni la jana. Kwa viungo nenda soko la Marikiti, na ununue iliki na pilipili manga nzima, kwa sababu ya kusaga ni rahisi kuchanganywa.

Pembe za Moi Avenue, mfano wa pembe za ndovu juu ya barabara, zimesimama tangu miaka ya 1950, ni za alumini, na dakika kumi zinatosha.

Haller Park, Bamburi, iweke saa za joto, kwa kuwa ina kivuli tele. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jiwe tupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, mti unaovumilia chumvi, kisha akaleta majongoo ili wale majani yaliyodondoka na kuyageuza udongo. Tembea ukitazama chini, uone udongo huo mweusi juu ya jiwe jeupe. Getini uliza saa ya kulisha twiga kabla ya kulipa, upange kuingia nusu saa kabla. Kama una nusu siku zaidi, endelea kaskazini hadi magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji wa karne ya 14 na 15 wenye msikiti uliotazama bahari. Hapo pana utulivu ambao Ngomeni hutaupata.

Jioni ni ya Mama Ngina, ile barabara ya ufukweni yenye mibuyu mikubwa, iliyokarabatiwa mwaka 2019. Usiende kutafuta jua linalozama baharini. Pwani hii inatazama mashariki, jua huzama bara, nyuma yako. Anayetaka jua baharini aje alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu. Jioni utafuata upepo, madafu, mabuyu na muhogo wa kukaanga unaopasuliwa katikati, ukapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya kusaga. Fika saa kumi na moja, ukae upande wa mlango wa bahari. Meli za Kilindini hupita karibu sana hapo, hata unasikia injini zake. Jumapili watu hujaa mno. Jumatano au Alhamisi ni afadhali.

Kivuko cha Likoni kiko karibu, na kwa mwenda kwa miguu ni bure. Asubuhi mapema umati huja kisiwani, jioni hurudi Likoni. Anayetaka kuonja tu safari avuke saa tano asubuhi au saa nane mchana. Mkoba uuvae kifuani. Lango likifunguliwa usikimbie, kwani sakafu ya kupandia huwa na maji. Ukielekea Likoni, simama ubavu wa kushoto, utaona mlango wa bahari kuu. Wa kulia utakuonyesha winchi za bandari.