Kompyuta ya Kazi Nzito Inapozuiwa Kukimbia

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mchoraji wa majengo, niko Dodoma. Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika ya daraja la wahandisi, yenye prosesa ya Intel Core i7 aina ya H, RAM ya GB 32 na kadi ya michoro ya NVIDIA, na kwa miezi kadhaa ilinifanyia kazi bila kusita. Chaja yake iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi ghafla, nikanunua nyingine dukani. Siku hizi kufungua mchoro mmoja wa AutoCAD ni shughuli, na hata kishale hukwama kwenye kioo. Fundi wa kwanza aliniwekea Windows upya, haikusaidia. Wa pili ananishauri ninunue RAM. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, RAM isubiri. Jambo zito katika barua yako umelitaja kwa kupita tu, nalo ni chaja. Tofauti na redio, kompyuta za daraja hili hazipokei umeme wowote unaoletwa. Huuliza kwanza chaja ina uwezo wa wati ngapi, na zisiporidhika na jibu hupunguza kasi ya prosesa ili zisivute umeme kuliko chaja inavyoweza kutoa.

Hukutaja kampuni iliyotengeneza mashine yako, lakini utaratibu wa Dell unalieleza jambo hili vizuri. Chaja nyingi za Dell zenye kichwa cha duara zina pini nyembamba katikati, ambayo kazi yake ni kupeleka taarifa kutoka kwenye chipu ndogo iliyomo ndani ya chaja. Chipu hiyo ikikosekana, au pini ikipinda ama kukatika, kompyuta huonyesha ujumbe wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haikutambulika, kisha huenda ikakataa kuchaji betri na kushusha kasi yake. Wengi wetu hubonyeza kitufe ili ujumbe upite tuendelee na kazi, na baada ya muda hatukumbuki kwamba tuliwahi kuonywa. Kwa kampuni nyingine tatizo huwa ni wati zenyewe: mashine nyingi za ThinkPad za mfululizo wa P, kwa mfano, huja na chaja za wati 135, 170 au 230 kutegemea toleo, na mwenye mashine hiyo akitumia chaja ndogo kwa sababu tu kichwa chake kimeingia, ataipata kompyuta inayowaka lakini isiyofanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Kuthibitisha hakuhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, chagua CPU, kisha uutazame mstari wa Speed huku ukifungua mchoro wako mzito. Prosesa ya aina hiyo ikiwa nzima na ina kazi hupanda kupita GHz 3 bila taabu. Ukiona imeganda chini ya GHz 1, tena mashine ikiwa bado ya baridi na feni zimetulia, chomoa chaja uendelee kutazama. Kasi ikipanda mara tu unapobaki na betri peke yake, mshukiwa wa kwanza ni chaja au tundu lake. Unaweza pia kufungua Event Viewer, programu ya Windows inayotunza kumbukumbu za matukio, sehemu ya System, na kutafuta tukio namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power, ambalo husema wazi kwamba kasi ya prosesa inazuiwa na mfumo wa ndani wa mashine yenyewe, si Windows. Ndiyo maana kuweka Windows upya hakukusaidia. AutoCAD nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi zake kwa kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo wewe huumia zaidi ya mtu anayeandika barua, kwani viini vingine havina namna ya kukuokoa.

Kabla ya kununua chaja ya tatu, mulika tundu kwa tochi kompyuta ikiwa imezimwa, uone kama kuna kitu kilichopinda au kuungua. Halafu soma lebo iliyo chini ya mashine, uchukue chaja yenye volti ileile na wati zisizopungua zilizoandikwa. Zikizidi hakuna ubaya, kwa sababu kompyuta huvuta inachohitaji tu. Ikiwa mashine yako huchaji kwa USB-C, waya nao huhesabika: waya usio na chipu ya utambulisho huishia wati 60 hata chaja ikiwa kubwa, na kiwango chenyewe cha USB-C kilikoma kwenye wati 100 hadi mwaka 2021 kiliporuhusiwa kufika 240.

Utaambiwa pia kwamba kuna programu, kama ThrottleStop, inayoweza kuizima alama ya kujizuia ili prosesa ikimbie hivyohivyo. Ni kweli inaweza, lakini juu ya chaja isiyojulikana wati zake siipendekezi hata kidogo, maana kizuizi hicho kipo kwa ajili ya chaja hiyohiyo, na itakayopata moto ni hiyo.

Kuhusu RAM, tazama ukurasa wa Memory mchoro ukiwa wazi. Kama GB 32 ulizo nazo hazijakaribia kujaa, kuongeza nyingine ni kumfaidisha muuzaji.

SWALI: Hujambo Mhariri. Ninahariri video za harusi Mombasa. Mashine yangu huanza vizuri, lakini ninapotoa video iliyokamilika, baada ya dakika chache feni huvuma na kasi hushuka. Nimejaribu kupunguza volti za prosesa nilivyoona wengine wakifanya, lakini programu haikubali. Tatizo ni nini?

JIBU: Hapo mkosaji ni joto. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na zikikifikia hujipunguzia kasi zenyewe. Volti ni habari nyingine. Kuzipunguza hushusha joto kiasi, lakini Desemba 2019 ilitangazwa kasoro ya usalama iliyopewa jina la Plundervolt, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuchezea volti ili aharibu hesabu za sehemu ya siri ya prosesa, na masasisho ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, yaliyofuata yakaifunga njia hiyo katika mashine nyingi. Sikushauri urudi kwenye BIOS ya zamani kwa ajili ya nyuzi chache.

Mwombe fundi afungue kifuniko cha chini na kuangalia mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni, kwa sababu vumbi hujikusanya upande wa ndani, kati ya feni na mapezi, mahali ambapo kupuliza kutoka nje hakufiki. Anapopuliza azishike feni kwa kidole, kwani zikizungushwa kwa upepo mkali bearingi zake huharibika. Mashine ikiwa na umri wa miaka kadhaa, abadilishe pia pesti ya kupitisha joto: asafishe ya zamani kwa spiriti ya isopropili, aweke mpya kiasi kidogo, na akaze skrubu kwa mfuatano wa namba zilizochapwa kando yake, kidogo kidogo, badala ya kumaliza moja kabla ya kugusa nyingine.

Kwa mchana wa Mombasa usio na kiyoyozi kuna njia ya ziada. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, punguza kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Katika mashine nyingi za Intel hatua hiyo huzima Turbo, yaani ile kasi ya ziada inayozalisha joto jingi. Video itachelewa kiasi, ila kasi haitakuwa ya kupanda na kuporomoka.

SWALI: Mimi ni mhasibu, Nairobi. Kompyuta yangu hukaa kwenye chaja siku nzima. Je, naua betri?

JIBU: Unaichosha, hasa ikikaa imejaa huku mashine ikiwa na joto. Mashine nyingi za kibiashara zina mpangilio, kwenye BIOS au programu ya kampuni, wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Kisha andika powercfg /batteryreport katika Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao leo. Ukiona sehemu ya kusogezea kishale imeinuka au kifuniko hakikai sawa, betri imevimba: zima mashine, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza irudi ndani, na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.