Kabla hujaukata huo mwembe

Jana asubuhi kijana mmoja wa Mkuranga kanitumia picha: embe la Keitt limepasuliwa, nyama nyeupe hadi kwenye kokwa, na chini kaandika, "Kaka, aina hii haifai, naukata nibebeshe Apple," yaani aunganishe kitawi cha aina ya Apple juu ya kisiki. Ni wa tatu msimu huu. Niliacha chai ikapoa nikampigia, kisha nikaona bora niwaandikie nyote mliopanda miembe minne mitano uani mkitaka kujua ipi inawafaa.

1. Majina. Wino wa kalamu hufutwa na jua kabla ya masika ya pili. Kata kopo la soda, kwaruza jina kwa msumari, lifunge kwa waya uliolegea. Na ramani ichoreni daftarini, maana watoto hupenda makopo.

2. Machipukizi ya chini ya ungio, pale kitawi cha aina uliyonunua kilipounganishwa na shina la kienyeji, yaondoe kila yanapotokeza. Ukiyaacha, shina hilo litakimeza hicho kitawi, nawe utalea embe la mbegu miaka mitano ukiliita Alphonso.

3. Msichume aina zote siku moja mkasema mmelinganisha. Hapa nisikilizeni vizuri, maana nilifanya hivyo misimu miwili na bado naumia.

Nilikuwa na miembe saba: Dodo, Bolibo, Sindano, Apple, Kent, Tommy Atkins na Keitt. Miche ya Keitt nilinunua miwili, mmoja nikampa mzee jirani yangu. Mwaka wa nne, wangu ukazaa. Desemba, Apple na Dodo zilipoanza kunukia, nikachuma aina zote, nikazipanga mezani, watoto wakaonja, nami nikaandika alama. Keitt lilikuwa kijani, gumu. Nikaliweka kapuni siku nane likanyauka ngozi bila kulainika. Alama mbili kwa kumi. Mwaka uliofuata, Desemba tena, meza ile ile, alama zile zile.

Januari nikachukua msumeno. Mama watoto alisema, "Si usubiri yaishe yaliyo juu?" Sikusubiri. Niliukata usawa wa goti, juu kidogo ya ungio, nibebeshe Apple machipukizi yakitoka. Ulipolala chini nilihesabu maembe kumi na manne, yamejaa, utomvu unatiririka kwenye majani. Nikawapa mbuzi.

Mwisho wa Februari mzee akaniita. Nilimwamkia, akanikaribisha mkekani, akaleta embe kubwa la kijani kwenye sahani. Nikadhani tunakula bichi kwa chumvi na pilipili. Alipolipasua, nyama ilikuwa rangi ya chungwa mpaka kwenye kokwa, na kokwa lenyewe jembamba kama ganda la chaza. Hakuna nyuzi. Nilikula vipande vitatu ndipo nikauliza anatoa wapi embe tamu hivi wakati miembe yote ya mtaa imekwisha. Akanitazama kwa mshangao: "Mwanangu, si ule mche ulionipa wewe?"

Sikuweza kumjibu. Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kisiki changu.

Keitt ni ya mwisho mwisho kukomaa, na hata likiiva hubaki kijani, pengine na wekundu kidogo upande wa jua. Yatazameni mabega ya embe: yakijaa na kupanda juu ya mahali kikonyo cha tunda kilipoingia, chuma moja, lipasue, nyama ikiwa njano kandokando ya kokwa, wakati umefika. Tommy Atkins ni kinyume chake, hujipaka wekundu likiwa bado changa, na wengi wenu mnalichuma kwa rangi hiyo kisha mnasema halina ladha. Kila aina ichumeni kwa siku yake, msubiri iive, ndipo muandike alama.

4. Msimu mmoja si ushahidi. Mwembe uliovunja matawi kwa wingi wa matunda mwaka huu huenda ukapumzika mwakani. Andikeni misimu mitatu, pamoja na tarehe ya maua na ya kuchuma.

5. Aina za mwisho ndizo zinazokutana na nzi wa matunda wakiwa wameshazaliana kwenye za mwanzo. Huyu mgeni aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 anataga ndani ya embe, kwa hiyo kupulizia ngozi pekee hakumfikii funza. Okota yaliyoanguka kila siku, yafukie kina kirefu. Na tafadhali msichome moto viota vya maji moto, wale chungu wanaoshona majani mtini! Wanauma, najua, binti yangu alilia nusu saa alipopanda bila kupaka majivu mikononi, lakini mwembe wenye maji moto wengi nzi wanauogopa.

Kile kisiki kilitoa machipukizi mazuri, yote juu ya ungio. Sikubebesha Apple. Nilibakiza matatu, nikasubiri miaka mitatu mingine, na Februari iliyopita nimechuma maembe sita. La kwanza nilimpelekea mzee.

Mdogo wangu wa Mkuranga, msumeno urudishe ndani. Jumamosi nakuja, usichume kitu, nataka nikayaone mabega ya hayo maembe.